Mwache Ageuke Mwenyewe

Mtoto wa Magda Gerber aliugua, na daktari wao wa siku zote hakupatikana. Ilikuwa Budapest, miaka mingi kabla mama huyu hajahamia Marekani na kujulikana kwa kazi yake ya malezi. Akaitwa daktari mwingine, mwanamke ambaye Magda hakuwa amewahi kumtumia. Mgeni alipoingia, mama akaanza kueleza kama mama yeyote anavyoeleza: mtoto kaanza lini, kala nini, kalalaje. Daktari akamwashiria kwa mkono anyamaze. Kisha akamgeukia mtoto, akamuuliza yeye.

Na mtoto akajibu. Alieleza maumivu yake kwa maneno yake, akakubali kupimwa bila kushikwa kwa nguvu. Gerber alikisimulia kisa hicho hadi uzeeni, kwa kuwa maisha yake yaligeuka siku hiyo. Daktari aliitwa Emmi Pikler.

Walimu wa chekechea wanaposema leo kwamba mtoto mchanga aachwe ageuke mwenyewe, asikalishwe kabla hajajua kukaa, achezee anachokipenda kwa muda anaoutaka, wengi wao wanarudia mambo ambayo daktari huyu aliyajaribu, akayapima na kuyaandika, hata kama jina lake hawajapata kulisikia. Tena hakuyajaribu katika shule ya watoto wa matajiri. Aliyajaribu katika kituo cha watoto wasio na wazazi wa kuwalea, katika mji uliokuwa bado unanuka moshi wa vita.

Vienna: mtoto asilizwe

Pikler alizaliwa Vienna mwaka 1902. Mama yake alikuwa mwalimu wa chekechea, baba yake fundi. Alipokuwa na miaka sita familia ilihamia Budapest, na alipofika kumi na miwili mama akafariki. Miaka ya 1920 alirudi Vienna kusomea udaktari, akakutana na walimu wawili waliomtengeneza.

Wa kwanza alikuwa Clemens von Pirquet, mkuu wa hospitali ya watoto ya chuo kikuu. Huyu ndiye aliyelibuni neno tunalolitamka kila tukikohoa kwa vumbi, aleji, mwaka 1906. Katika wodi zake mtoto hakulazimishwa kumeza hata kijiko kimoja zaidi ya alichotaka. Mgonjwa mdogo hakufungiwa kitandani mchana kutwa. Alitolewa nje kwenye hewa, akaruhusiwa kucheza kadiri nguvu zake zilivyomruhusu. Wa pili, Hans Salzer, alikuwa daktari wa upasuaji wa watoto. Yeye alitaka wasaidizi wake wajue kumpima mtoto bila kumliza. Aliyewahi kukaa kwenye foleni ya kliniki ya watoto siku ya chanjo ataelewa sharti hilo lilikuwa gumu kiasi gani.

Katika wodi ya Salzer, Pikler aliona jambo lililomkaa moyoni. Watoto wa mitaa ya maskini, waliopanda miti na kukimbizana barabarani bila mtu wa kuwachunga, hawakuletwa sana na mifupa iliyovunjika. Waliokuja wamevunjika au wameumia kichwa walikuwa zaidi watoto wa nyumba nzuri, wale waliotembezwa kwa kushikwa mkono na yaya kila hatua. Wa mtaani walikuwa wamejifunza kuanguka. Wa nyumba nzuri hawakupewa nafasi hiyo, na siku walipoanguka, walianguka kama gunia.

Hapo swali likazaliwa. Kama mwili wa mtoto wa miaka saba unajifunza tahadhari kwa kuachiwa, je, wa miezi saba?

Waliotangulia

Si kwamba hakuna aliyewahi kufikiria uhuru wa mtoto. Friedrich Fröbel alifungua kituo chake cha michezo huko Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, na mwaka 1840 akakiita kwa Kijerumani bustani ya watoto, *Kindergarten*. Kwake mchezo ulikuwa kazi ya mtoto, na kazi hiyo ina heshima yake. Serikali ya Prussia ilinusa harufu ya siasa na dini isiyo sawa, ikavipiga marufuku vituo hivyo mwaka 1851. Amri ikaondolewa mwaka 1860, Fröbel akiwa ameshafariki. Maria Montessori naye, daktari kama Pikler, alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, Januari 1907, akaonyesha kwamba watoto wa vibarua wakipewa vifaa vinavyowafaa na meza zinazowafikia, hutulia na kujifunza bila fimbo. Mbegu yake ilifika mbali: Tanzania ina vyuo vya ualimu wa Montessori, vingine vikiendeshwa na masista.

Lakini watoto wa Fröbel na wa San Lorenzo walikuwa wanatembea na kusema. Aliye chini ya miaka mitatu, na hasa yule ambaye hajaketi, aliachiwa mama, yaya na muuguzi, na hawa waliambiwa mambo mawili tu: awe safi, ashibe.

Trieste na Budapest, 1931–1945

Mwaka 1931 Pikler alijifungua binti, Anna. Mumewe, György, alikuwa mwanahisabati na mwalimu, mtu wa mawazo ya kimaendeleo katika elimu, na wakati huo waliishi Trieste. Wawili hao walikubaliana jambo ambalo bibi yeyote wa Tanga au Mombasa angelipinga mlangoni: hawatamkalisha mtoto, hawatamsimamisha dede, hawatamshika mikono ili atembee, hawatamharakisha kwa lolote. Watamlaza chali mahali salama, wamvike nguo zisizombana, na wamwangalie anafanya nini.

Anna alijigeuza alipoweza kujigeuza. Akatambaa, akakaa, akasimama, kila jambo kwa wakati wake. Mtoto mmoja hathibitishi kitu, lakini mama mwenye macho ya daktari alikuwa ameona vya kutosha kutaka kuona wengine.

Waliporudi Budapest alifanya kazi kama daktari wa nyumbani kwa takriban miaka kumi, akihudumia familia zipatazo mia moja. Hakungoja mtoto augue ndipo aitwe. Alikwenda kuwaona watoto wazima, akakaa chumbani, akatazama jinsi mama anavyomwogesha mwanawe na anavyomlaza, akamwonyesha mahali pa kuchezea pawe wapi na pawe na nini. Mwaka 1940 akayaandika yote katika kitabu cha kuwaeleza wazazi yale mtoto mchanga anayoweza kuyafanya mwenyewe. Alikazia uwezo wakati vitabu vya malezi vya siku zile vilikuwa vimejaa orodha za hatari.

Mambo mengine ya miaka hiyo hayakuwa ya kitoto. György alifungwa kwa sababu za siasa tangu mwaka 1936 hadi vita vilipomalizika. Pikler alikuwa Myahudi katika nchi iliyotunga sheria dhidi ya Wayahudi mwaka 1938, na mwaka 1944 ikawasomba kwa treni. Yeye na familia yake walinusurika kwa msaada wa wazazi wa watoto aliokuwa akiwatibu. Nyumba alizoziingia kwenda kumtazama mtoto anavyogeuka ndizo zilizomfungulia mlango alipohitaji kujificha.

1946: nyumba ya mtaa wa Lóczy

Budapest ilizingirwa tangu mwisho wa 1944 hadi Februari 1945. Madaraja yote ya mto Danube yaliporomoshwa. Kulikuwa na mayatima, na kulikuwa na wachanga ambao mama zao walikuwa hai lakini wana kifua kikuu, kwa hiyo hawakuruhusiwa kuwashika. Mwaka 1946 Pikler alikabidhiwa jumba moja upande wa Buda, kwenye mtaa uliopewa jina la mwanajiolojia Lajos Lóczy, alifanye nyumba ya watoto hao. Mtaa ukawa jina la nyumba. Hadi leo watu wa fani hii wanasema “Lóczy” na wanaelewana.

Aliwakuta wauguzi waliosomea kazi yao. Walikuwa wepesi na wasafi, na chupa kwao zilikwenda kwa saa. Walimnyanyua mtoto kama mtu anavyonyanyua sufuria, wakamfuta, wakamfunga nepi, wakamrudisha, wakashika mwingine, huku wakiongea wao kwa wao juu ya kichwa chake. Pikler alijaribu kuwabadilisha, ikashindikana. Baada ya miezi michache akawaondoa, akaajiri wasichana wasio na cheti chochote, waliotaka kujifunza. Katika historia yote ya Lóczy, sioni uamuzi uliokuwa na uzito kama huu. Mtu aliyeamini kwamba mtoto anajua mambo mengi kuliko tunavyodhani aliwakataa watu wazima waliodhani wameshajua yote.

Wasichana hao walifundishwa kwanza mikono. Simulizi nyingi kuhusu Pikler huruka hapa, zikakimbilia kwenye michezo, kwa hiyo tusimame kidogo.

Mtoto yuko chali juu ya meza ya kubadilishia nguo. Meza ina kingo za mbao pande zake, ili akitaka kugeuka ageuke bila kuporomoka. Mlezi anamwonyesha fulana kabla ya kumvika. Anamwambia anachotaka kufanya, kwa sauti ya kawaida, si ile sauti nyembamba tunayoitumia kwa watoto na paka. Anamwomba mkono. Halafu anasubiri. Mwanzoni hapana kitu. Mtoto anatazama dari. Mlezi anauchukua mkono polepole, anaupitisha. Kesho vivyo hivyo, keshokutwa vivyo hivyo, na ipo siku mlezi anaomba mkono na ule mkono unasogea. Kidogo tu, lakini unasogea. Tangu siku hiyo mtoto havalishwi tena. Wanavaa pamoja.

Kulisha nako kulikuwa na taratibu zake. Asiyejua kukaa alilishwa akiwa amepakatwa. Akigeuza uso kijiko kilirudi kwenye bakuli, na hakuna aliyemchezesha ili kumpenyezea tonge. Watoto walilishwa kwa mpangilio uleule kila siku, wa kwanza akibaki wa kwanza na wa pili wa pili, kwa hiyo hata wa miezi michache alianza kujua zamu yake inafuata ya nani. Kundi lilikuwa na watoto wanane au tisa, na walezi walewale kwa zamu. Kila mtoto alikuwa na mlezi aliyemfuatilia yeye hasa na kuandika mwenendo wake daftarini.

Mtoto aliyekwisha kushibishwa hivyo, chakula na mtu kwa pamoja, alirudishwa sakafuni kwa wenzake, na hapo mlezi akamwachia. Asingeweza kucheza naye hata kama angetaka. Alikuwa na wengine saba wa kuwaogesha. Lóczy hawakulionea haya jambo hilo. Waliona kwamba mtoto aliyepata dakika zake kamili na mtu mmoja aliyemtazama machoni haendi kucheza na njaa ya kutazamwa. Anaweza kukaa na kikombe cha bati kwa nusu saa.

Na kikombe kilitosha. Sakafu ilikuwa ya mbao, imezungushiwa uzio mfupi. Kitu cha kwanza cha kuchezea, mtoto akifika kama miezi mitatu, kilikuwa kitambaa cha pamba cha rangi iliyokolea, kikubwa kuliko leso ya mfukoni, kilichosimamishwa karibu yake kikawa kama kilele kidogo. Anakiona bila kuinua kichwa. Akikigusa, kinabonyea. Akikishika, kinakuja. Akikiweka usoni, dunia inageuka nyekundu, kisha inarudi. Kikimfunika pua, si kizito, anakivuta. Baadaye yalikuja mabakuli, vikapu na mipira. Hakuna kilichoning’inizwa juu ya macho yake asipate pa kukwepea, wala kilichotiwa mkononi mwake. Viliwekwa karibu, achague.

Kisha kuna yale makatazo mawili yaliyoleta ubishi kila yalipofika. Mtoto asiwekwe katika mkao ambao hawezi kuufikia na kuutoka mwenyewe. Na asiposhindwa kabisa, asisaidiwe haraka. Aliyejipindua kifudifudi mara ya kwanza, mkono ukabanwa chini ya kifua, akalalamika, mlezi alimsogelea, akamsemesha, akangoja. Mara nyingi mkono ulitoka.

Wakati dunia inahesabu hasara

Miaka hiyohiyo wataalamu wa Magharibi walikuwa wakigundua ubaya wa vituo vya watoto. René Spitz, mzaliwa wa Vienna aliyekulia Hungaria, alichapisha mwaka 1945 uchunguzi wake wa wachanga waliotunzwa kwa usafi mkubwa na wauguzi wachache mno. Walidumaa, wakanyong’onyea, wengine wakafa, ingawa chakula hakikukosekana. Mwaka 1951 John Bowlby wa London aliandika ripoti kwa Shirika la Afya Duniani, akasema mtoto anahitaji uhusiano wa karibu na wa kudumu na mama au anayeshika nafasi yake, kama anavyohitaji vitamini. Hitimisho la wengi likawa jepesi: kituo cha watoto hakiwezi kuwa kizuri, basi.

Lóczy ilikuwa upande wa pili wa pazia la siasa lililoigawa Ulaya, kwa hiyo wachache walijua kwamba kuna kituo kinachopinga hitimisho hilo. Ndani ya Hungaria kwenyewe mambo hayakuwa laini. Serikali ya kikomunisti ilipenda watoto wakae kwenye ratiba, wafundishwe kwa pamoja. Mwaka 1956 nchi ikalipuka, vifaru vya Kisovieti vikaingia Budapest. Nyumba iliendelea. Nadhani ilisalimika kwa sababu ilizungumza lugha ambayo serikali yoyote inaielewa: jedwali, uzito, urefu, magonjwa, tarehe. Baadaye ilipewa kazi ya kitaifa ya kuelekeza nyumba nyingine za wachanga.

Majedwali hayo yakazaa utafiti. Kwa kutumia kumbukumbu za watoto zaidi ya 700 waliopitia nyumba hiyo, Pikler alichapisha mwaka 1968, kisha katika kitabu mwaka uliofuata, mpangilio wa mwendo wa mtoto asiyefundishwa. Vitabu vya wakati ule vilimtaka mtoto akae karibu na miezi sita, ndipo atambae. Wa Lóczy walibiringika kwanza, wakatambaa kwa tumbo, wakatambaa kwa magoti, na katika pilikapilika hizo wakajikuta wamekaa. Walikaa baadaye kuliko vitabu vilivyotaka. Lakini walikaa mgongo ukiwa umenyooka, mikono ikiwa huru, na waliweza kutoka kwenye kukaa kwao bila kumwita mtu.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa kuungwa mkono na Shirika la Afya Duniani, vijana waliokuwa wamelelewa Lóczy walifuatiliwa ili ionekane wamekuwa watu gani. Ule mnyong’onyeo wa Spitz haukuonekana kwao.

Magharibi inabisha hodi

Magda Gerber, yule mama wa mwanzo, aliondoka Hungaria baada ya machafuko ya 1956, na hatimaye akaishi Los Angeles. Mwaka 1978, pamoja na daktari Tom Forrest, alianzisha shirika la kuwafundisha wazazi na walezi. Marekani ilikuwa na tatizo tofauti na la Lóczy. Huko mtoto hakukosa mtu. Alikuwa na watu waliomchangamsha kutwa, wakimwonyesha kadi za herufi kabla hajaota jino. Gerber aliwakalisha wazazi sakafuni, akawaambia wamtazame mtoto bila kufanya lolote. Kwa wengi wao hilo lilikuwa zoezi gumu kuliko yote.

Ufaransa ilipata habari kwa njia nyingine. Myriam David, daktari wa akili wa watoto, na Geneviève Appell, mwanasaikolojia, walikwenda Lóczy, wakachunguza, na mwaka 1973 wakatoa kitabu. Waliyaita malezi ya Lóczy umama usio wa kawaida, na hawakuficha lililowashangaza. Walezi walikuwa wapole sana, lakini walijizuia. Hawakumbusubusu mtoto wala kujifanya mama, kwa kuwa walijua mtoto ataondoka, kwao au kwa wazazi wa kumlea, na ahadi ya umama wasingeweza kuitimiza. Kuna waliosoma habari hiyo wakaona ubaridi. Mimi naona uaminifu, ingawa nakiri ningekuwa mlezi pale ningemaliza wiki moja na kufukuzwa.

Kampala na Kokwet

Msomaji wa Afrika Mashariki atakuwa ameshauliza: mbona sisi tunawakalisha watoto, na wanatembea mapema tu? Binti wa dada yangu alizungushiwa mito mitatu akiwa na miezi minne, akakaa katikati yake kama jumbe.

Swali hilo lilichunguzwa, na lilichunguzwa hapa kwetu. Katika miaka ya 1950 daktari Mfaransa Marcelle Geber aliwapima wachanga wa Kampala, akaripoti kwamba wanawapita wa Ulaya katika mambo ya viungo. Wengine wakaharakisha kusema ni damu. Ndipo mtafiti Charles Super akaenda Kokwet, kijiji cha Wakipsigis magharibi mwa Kenya, na mwaka 1976 akachapisha alichokiona. Watoto wa Kokwet walikaa na kutembea mapema, ndiyo. Lakini katika kutambaa na kujigeuza hawakuwa mbele ya wengine. Sababu ilikuwa machoni pa kila mtu: mama hufundisha. Kufika mwezi wa tano au wa sita, mtoto huchimbiwa kishimo kidogo, akakalishwa humo, akategemezwa kwa nguo mgongoni. Kusimama na kutembea navyo huzoezwa. Kutambaa hakuna anayekufundisha. Jamii inayofundisha kutambaa, watoto wake hutambaa mapema.

Kwa hiyo Super na Pikler, ambao kwa haraka mtu angedhani wanapingana, walikuwa wameshika ncha mbili za kamba moja. Kalenda ya mwili wa mtoto inasikiliza mikono ya wanaomlea. Sidhani kishimo cha Kokwet kina dhambi. Mtoto yule amekalishwa na mtu anayeimba karibu yake, ana dada wa kumtazama, na jioni atabebwa mgongoni. Hofu ya Pikler ilikuwa mtoto anayewekwa kwenye kiti au kigari cha magurudumu na kusahaulika humo, akiwa hana njia ya kutoka. Vigari hivyo vya kutembezea watoto, ambavyo kwetu bado ni zawadi ya fahari, Kanada ilivipiga marufuku mwaka 2004 kwa sababu ya ajali.

Kuna mwingine aliyepita Uganda, na huyu ndiye anayenifanya niielewe Lóczy. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa amefanya kazi na Bowlby London, kisha akafuatana na mumewe hadi Kampala. Mwaka 1954 na 1955 alizitembelea familia 26 katika vijiji vya jirani, akakaa barazani na kina mama, akiandika watoto wanafanya nini. Aliona mtoto anayejua mama yupo pale huondoka kwenye paja lake, hutambaa hadi kwenye kuku au sufuria, hugeuka kumtazama mama, kisha huendelea. Mama ni kambi. Mtoto hutoka kambini kwenda kupeleleza. Asiye na uhakika hung’ang’ania paja. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliloliona barazani ndilo wale wasichana wa Lóczy walilokuwa wakilitengeneza kwa makusudi, kwenye meza ya kubadilishia nguo, dakika chache kwa kila mtoto, kwa sababu paja la mama halikuwepo.

Ndiyo maana nina shaka na mwalimu anayechukua nusu moja ya habari hii, akawaacha watoto ishirini wachanga sakafuni na kuita hali hiyo mchezo huru.

Nyumba inafungwa

Pikler aliacha uongozi mwishoni mwa miaka ya 1970, akafariki mwaka 1984. Mwenzake wa miaka mingi, daktari Judit Falk, alishika usukani, na baadaye Anna Tardos, mwanasaikolojia. Ni yule Anna wa Trieste, mtoto wa kwanza kuachwa ageuke mwenyewe.

Baada ya ukomunisti kuanguka, wageni walifurika kutoka Ulaya na Amerika kujifunza. Wakati huohuo Hungaria ilikuwa ikiwahamisha watoto kutoka vituoni kwenda kwenye familia za kuwalea, jambo ambalo hata watu wa Lóczy wasingelipinga kwa moyo mweupe. Mwaka 2006 kikafunguliwa ndani ya nyumba hiyo kituo cha mchana, watoto wanaletwa asubuhi na wazazi wao na kurudi nao jioni. Mwaka 2011 waliokuwa wakiishi humo wa mwisho wakaondoka. Kituo kilichoonyesha kwamba malezi ya kituoni yanaweza kuwa mema kikafunga mlango kwa sababu nchi imeamua mtoto asikae kituoni.

Jina limebaki, na limeingia sokoni. Kuna ngazi ya mbao ya pembetatu, kama paa la kibanda, ambayo watoto wa Lóczy waliipanda na kuishuka. Inauzwa mtandaoni kwa jina la Pikler, kwa bei inayotoa jasho. Juzi niliona tangazo lake: mtoto amekaa kileleni, anatabasamu, na pembeni ya picha vinaonekana vidole vya mtu mzima vilivyomzunguka kiunoni, vilivyompandisha na kumshikilia huko juu asianguke.

Kitambaa cha pamba sijakiona kikiuzwa.